Mkono Chini ya Taya

Katika miaka ya hamsini nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari, kwenye hospitali moja ya Nakuru. Daktari, Mzungu asiye na maneno mengi, alinifundisha kulaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa. Nilidondosha etha, dawa ya usingizi, tone kwa tone juu ya shashi iliyofunika pua na mdomo, huku nikihesabu pumzi.

Siku moja aliletwa mama kutoka shamba la masetla upande wa Molo, mtoto amekwama tumboni. Mumewe alikuwa kizuizini, na hakuna jamaa aliyemsindikiza. Alinishika mkono.

"Usiniache, ndugu yangu."

"Siendi popote, mama. Vuta pumzi."

Akalala. Daktari alipoanza tu kukata, pumzi zilisimama na midomo ikageuka rangi.

"Daktari, ngoja!" nikasema. Kabla ya hapo sikuwahi kumwamuru Mzungu.

Akainua kisu. Niliondoa shashi, nikalisukuma taya la yule mama mbele kwa vidole vyote ili koo lifunguke, nikangoja. Mwishowe akakoroma, akavuta hewa. Mtoto alitolewa akilia. Sikuliachia lile taya mpaka mshono wa mwisho, vidole vikafa ganzi.

Kesho yake nilipita wodini kumjulia hali. Alikuwa ananyonyesha, akimwombea daktari baraka. Aliponiona aliuliza kwa upole, "Unamtafuta nani, bwana?"

Nikamwambia nimekosea kitanda. Jioni hiyo nilisonga ugali chumbani kwangu, nikala peke yangu, nikitamani mtu wa kumsimulia jinsi yule mama alivyorudi kupumua.