Ngurumo za Kalamba na Mashine Iliyoganda

Katunge alikuwa amepalilia pojo shambani kwake Kalamba tangu alfajiri, na alipoingia ndani saa saba mchana alitamani tu kuvua viatu. Lakini mbingu upande wa kilima cha Nzaui ilikuwa nyeusi, na ngurumo ya kwanza ilipopita hakuketi. Alizunguka nyumba kama afanyavyo kila msimu wa mvua: akafunika kioo cha kujitazamia kwa leso, akazima simu yake, akachomoa televisheni, kisha akachomoa kila waya uliokuwa ukutani. Radi iliwahi kuua ng'ombe wawili wa jirani yake Mbaluka kwa pigo moja. Tangu siku hiyo Katunge hasubiri ngurumo ya pili.

Mezani, binti yake Ndinda hakuinua macho. Kompyuta yake ilikuwa bado inawaka, kwa hiyo Katunge hakuona kama amemharibia chochote.

Saa tisa alasiri Ndinda angewaonyesha kwa mtandao kamati ya ushirika wa wakulima wa maembe tovuti aliyowatengenezea kwa miezi miwili. Wakiikubali, angepewa kazi ya kuitunza, akiwa hapa hapa nyumbani. Wakiikataa, angerudi Nairobi kwenye duka la simu alikofanya kazi zamani, na ambako mara ya mwisho alitoka amekonda hadi Katunge akamtunza usiku na mchana kama mgonjwa. Katunge hakuwa amemwambia mtu jinsi alivyoihofia safari hiyo.

"Asi! Sio leo," Ndinda akasema.

"Imefanya nini?"

"VM imeganda, Mwaitu. Nikibonyeza, haisikii," akasema, akimwita mamake kwa Kikamba.

Alikuwa amemweleza mamake zamani hiyo VM ni nini. Ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta, kama mpangaji aliyepewa chumba kwa boma. Ana mlango wake na jiko lake, lakini maji na stima anategemea mwenye boma. Tovuti yote ilikuwa kwa mpangaji.

Ndinda aliizima na kuiwasha. Ikajikokota, ikafunguka, ikaganda tena. Akafunga madirisha mengine yote, akaiongezea kumbukumbu, akaiwasha mara ya tatu. Kishale kikasogea kidogo, kikakwama. Saa nane na dakika arobaini alimpigia Mulei, mwenzake wa kazi aliye Kitui, akaweka simu kwenye spika.

"Umeiua sasa," Mulei akacheka. "Si nilikuambia hiyo kompyuta ni ya makumbusho?"

"Mulei, sina nguvu za kucheka. Kumbukumbu ipo, diski ina nafasi. Kasi tu ndiyo imeshuka, sijui imeenda wapi."

"Iko kwa chaja?"

"Tangu asubuhi. Usinifanye mjinga."

Katunge, aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye ungo, aliacha mikono yake ikatulia. Aliutazama waya mweusi uliotoka kwenye kompyuta, ukapita chini ya meza na kuishia sakafuni karibu na ukuta. Ngurumo ikapiga tena, karibu zaidi, mabati yakatetemeka.

Angeweza kunyamaza. Mvua ingepita, waya ungerudi ukutani, na hakuna ambaye angejua.

"Ndinda."

"Ngoja kidogo, Mwaitu."

"Nilichomoa."

"Ulichomoa nini?"

"Hiyo. Mawingu yalipokuja. Nilichomoa zote."

Kwenye simu Mulei akasema polepole, "Haya basi. Betri imepungua, kompyuta inajibana isizime. Mpangaji naye anakaa njaa."

Ndinda alivuta dirisha la VM, ambalo lilikuwa limejaa kioo chote tangu asubuhi, likawa dogo. Pembeni alama ya betri ilikuwa nyekundu. Alimgeukia mamake, na Katunge akangoja maneno.

"Mimi mwenyewe sikuangalia," Ndinda akasema, akijisugua macho. "Lakini sasa lazima irudi ukutani. Zimebaki dakika kumi na tano."

"Na radi?"

"Ukisema nisichomeke, sitachomeka. Nitawapigia niwaambie imeshindikana."

Katunge aliweka ungo chini. Alipiga magoti, akauokota waya, akauchomeka mwenyewe, mkono ukiwa mbali kadiri ulivyoweza kunyooka.

Haikupona mara moja. Ndinda aliizima VM kabisa, akangoja, akaiwasha upya. Kishale kikatembea. Picha za maembe zikatokea moja moja. Saa tisa kamili sauti za kamati zikaanza kusalimiana kwenye kompyuta.

Katunge hakuondoka pale ukutani. Alikaa sakafuni, macho kwenye waya, akiomba bila sauti. Mara mbili mwanga mweupe ulijaza chumba, na mara mbili vidole vyake vilifika kwenye swichi vikarudi. Ndinda aliendelea kuzungumza kama mtu ambaye hakuna kinachomtisha.

Baada ya saa nzima Ndinda akafunga kompyuta.

"Wamesemaje?"

"Wamekubali. Mzee mmoja tu anataka maandishi yawe makubwa, anasema macho yake si ya kijana. Naanza Jumatatu."

Katunge alijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Ndinda akamshika kwapani akamnyanyua.

"Mwaitu, mbona unatetemeka?"

"Ni magoti," Katunge akasema. "Nimepalilia tangu asubuhi."