Bi Tausi Aliponiomba Maji Njia ya Mahonda

Sikuhadithii niliyoambiwa na mtu. Haya niliyaona mwenyewe, tena adhuhuri, jua limesimama utosini, wala sikuwa na homa. Ukicheka, cheka. Mimi nshajicheka hata nikachoka, na jambo halikubadilika.

Nilibatizwa misheni, lakini shule yao niliiacha mapema, maana kukaa pahali pamoja kulinishinda. Hata hivyo kusoma nilijua, na mwalimu wa kanisa moja dogo la shambani, karibu na Kidichi, akanipa kazi ya kuwasomea wazee waliotaka ubatizo. Kitabu chenyewe kilikuwa habari za watu wa Mungu tangu Ibrahimu. Mzee husikia chote kwanza, ndipo padre aje kumbatiza.

Msikilizaji wangu mmoja alikuwa Bi Tausi, mtumwa wa zamani. Haja yake ilikuwa moja tu. Binti yake Marta alikufa Mkristo, akazikwa ndani ya ua wa kanisa. Asiyebatizwa huzikwa nje. Bi Tausi alitaka kulala karibu na mwanawe.

Tulipofika jangwani na Musa, hakuacha kunikatiza. "Watu gani hawa! Wameshatolewa utumwani, wanalilia vitunguu! Mimi nilipoachwa huru sikulilia hata chumvi."

"Bibi, ngoja nisome."

"Soma basi. Mbona wasoma kama una safari?"

Na kweli nilikuwa nayo. Nilisikia sifa za Mkokotoni, nikatamani kupaona, nikaondoka. Zilibaki kurasa chache tu. Nilisema nitarudi wiki ijayo. Nikakaa miezi mitatu.

Siku niliporudi, masika yalikuwa yamepiga, njia ya Mahonda tope hadi vifundoni. Nikamkuta Bi Tausi amesimama peke yake kando ya njia. Miguu yake ilikuwa mikavu, safi. Niliiona, haki ya Mungu, wala sikujiuliza. Kwa nini sikujiuliza?

"Shikamoo, Bibi. Huku mbali kote wafuata nini?"

"Marahaba. Nakufuata wewe. Umeniacha jangwani, mwanangu. Ule mto, walivuka?"

"Walivuka. Wakaingia katika nchi yao."

"Basi tumemaliza." Akakitazama kibuyu changu cha maji, akainamisha kichwa. "Nimiminie."

Nikacheka. "Mimi padre, Bibi? Kazi hiyo si yangu. Twende, padre atakuja."

Alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango. Nikainama kuokota mzigo wangu; nilipoinuka, njia tupu, na topeni mlikuwa na nyayo zangu tu.

Nilifika Kidichi jioni. Jirani yake akanipokea akilia. "Bi Tausi amekufa adhuhuri. Wiki nzima hakuinuka kitandani. Mwalimu amekwenda mjini kumwita padre, hawajafika."

Walifika kesho yake. Nikamweleza padre yote. Hakunicheka. Akasema polepole, "Mtu akiwa kufani, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Maji, na jina la Mungu. Hukufundishwa?"

Somo hilo walilifundisha mwaka niliotoroka.

Bi Tausi alizikwa nje ya ua. Tangu hapo sijahama Kidichi. Kila masika yakiisha napalilia kaburi la mama na la binti, nikizunguka ua kutoka moja kwenda la pili, na kuuondoa sina ruhusa.

Nawe unayesoma, ukiombwa jambo la heri usilojua sheria yake, usikimbilie kusema si kazi yako. Mimina kwanza. Utauliza baadaye.