Rada ya Darajani na Mawe ya Yaya

Je, rada ile ilikuwa inapima maji, au ilikuwa inapima mawe? Swali hilo lilininyima usingizi tangu mvua zilipoanza. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutunza rada ndogo iliyofungwa chini ya daraja la mto, hapa Uvira. Inatuma mawimbi ya redio chini, inangoja mwangwi urudi, na kwa muda uliopita inajua maji yako umbali gani. Yakipanda ghafla, king'ora kinalia, na wanawake wanaookota mawe ya kujengea mle mtoni wanapanda juu.

Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa mmoja wao. Mtoto wake humlaza chini ya daraja, penye kivuli.

Mwanzoni king'ora kililia ovyo. Matone ya mvua, mawimbi, matawi yanayopita: kila kitu kilirudisha mwangwi. Wanawake walikimbia na beseni kichwani, wakageuka wakakuta mto uleule.

“Enjenyeri,” yaya alinitania mbele ya wenzake, “ile maji ulitukimbizia imepita wapi? Umeikunywa?”

Kwa aibu niliandika programu upya: mwangwi unaorukaruka iutupe, unaotulia iuamini. King'ora kikanyamaza. Wote wakanisifu.

Lakini maji yanayoshuka milimani hayatulii. Kinachotulia ni jiwe. Nao wanawake hurundika mawe yao palepale kivulini, chini ya rada. Niliwaomba wayahamishe, wakayahamisha. Jua lilipowachoma wakarudi. Nikilegeza programu, king'ora kitadanganya tena, na hakuna atakayekimbia. Nikiiacha, huenda kikanyamaza siku yenyewe ya mafuriko. Nilizunguka humo hadi chakula kikanishinda.

Asubuhi moja jua liliwaka mjini, lakini milima iliyo juu yetu ilikuwa imezama katika wingu jeusi. Nilisimama darajani na ordinatere yangu, kompyuta inayonionyesha vipimo vya rada. Namba haikutikisika hata kidogo, na utulivu huo ndio ulionitia hofu. Maji? Mawe? Nikiwa juu sikuweza kuona chini ya daraja; niliikodolea namba macho hadi yakaniuma. Kama ni mawe, ningekuja kujua nikiwa nimechelewa.

Nikabonyeza king'ora kwa mkono.

Hakuna aliyeinuka.

“Weye tena!” yaya alipaza sauti kutoka chini. “Jua iko inawaka, unatukimbiza wapi?”

“Yaya, panda. Mvua iko kule juu.”

“Na mashini yako inasema nini?”

“Haisemi kitu.”

Wakaangua kicheko. “Basi minye siendi,” akasema, akainamia jiwe lingine.

Nilifunga ordinatere, nikateremka mtoni, nikamnyakua mtoto usingizini pamoja na kitenge chake, nikaupanda ukingo mbio. Yaya alitupa beseni, akanifuata akinitukana kwa matusi yote aliyoyajua. Wenzake wakamfuata, wamsaidie kunikamata, na mtoni hakubaki mtu.