Herufi Niliyoikwepa

Kwenye karatasi herufi hii hainisumbui. Naandika leo, lala, mlango, na kila neno linakaa mahali pake kwa adabu. Mdomoni ndiko inakonigeuka. Sisi wa Tetu tuliolelewa kwa Kikuyu hatukupewa herufi hiyo, kwa hiyo ulimi huchukua iliyo karibu, na leo ikawa reo. Wengi hawajali. Mimi pia sikujali mpaka siku ya kumzika mume wangu.

Alikuwa dereva wa pikapu ya maziwa, kutoka Mweiga hadi Nyeri, na wenzake wa kazi walitoka kila pembe ya nchi, ndiyo maana nikaambiwa niwashukuru kwa Kiswahili. Uchaguzi ulikuwa karibu na wagombea walikuwa wamejaa viti vya mbele, kofia zao mapajani. Nilishika maikrofoni nikataka kuwaomba watu wasiondoke, chakula kipo, karibuni kula. Nikasema, "Karibuni kura." Mgombea mmoja akainua mkono kama mtu aliyepewa. Kicheko kikazunguka hema lote, na jeneza likiwa bado mbele yetu.

Tangu siku hiyo niliogopa kusema. Haikuwa aibu, aibu naijua. Hii ilikuwa hofu, na ilinishika hata nikinunua viazi. Nilianza kuchagua maneno kama anayechambua mchele. Badala ya kulala nilisema kupumzika. Badala ya mlango nilisema geti. Lakini yaliyopita yalinishinda. Huwezi kusema alikuja, alicheka, alikufa, bila kuikuta ile herufi katikati ya neno inakusubiri. Basi nikaacha yaliyopita. Nilisema ya sasa tu.

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine, katika chumba kidogo mjini Nyeri. Siku moja afande mmoja, mama aliyehamishiwa hapa majuzi kutoka magharibi, alikuja kuchukua sweta za watoto wake. Akaona ukutani picha ya mlima niliyoiunga kwa mabaki ya nyuzi.

"Mama, hii umeficha huku ya nini?" aliniuliza. "Kuja Jumamosi kwa ukumbi ya kanisa. Tunakutana, kila mtu na kitu yake. Wengine wanachora, wengine wanaimba."

Nilienda kwa sababu ni vigumu kumkatalia polisi. Nilipofika mlangoni nilitamani kurudi. Viti vilikuwa vimepangwa kwa duara, na duara halina nyuma ya mtu kujificha. Mwalimu mmoja kijana, Mkamba, ndiye aliyeongoza. Utaratibu wake ulikuwa kwamba kila mtu aonyeshe alichobeba na kusema kidogo. Mimi nilikuwa nimebeba sweta ya kijani ya mume wangu. Nilitaka kuifumua niifume upya iwe kitu kingine. Nyumbani nilishindwa kukata hata uzi wa kwanza, nikadhani pengine mbele za watu nitaweza.

Zamu yangu ikafika. Nikaikunjua sweta mapajani.

"Mzee wangu anavaa hii akienda Mweiga kuchukua maziwa," nikasema. "Baridi ya huko si mchezo."

"Na leo amevaa nini?" mwalimu akauliza, na watu wakatabasamu.

"Koti," nikasema.

Hivyo ndivyo alivyofufuka. Jumamosi zilizofuata niliendelea kumfufua, kidogo kidogo, huku nikifumua sweta yake mstari kwa mstari. Anapenda chai ya tangawizi. Anachukia kupakia mitungi kwenye mvua. Afande akawa ananiambia nimsalimie. Kila nilipotoka pale nilipita njia ya nyuma, maana Nyeri si kubwa kiasi hicho, na mtu yeyote angeweza kuniumbua. Lakini nilirudi. Hapakuwa na mahali pengine ambapo mume wangu alikuwa hai.

Kijani cha sweta kikawa barabara, kisha vilima, kisha pikapu ndogo inayopanda kuelekea mjini. Kilikuwa kitambaa kizuri, hata mimi niliona hivyo. Ndipo mwalimu akatangaza siku ya maonyesho.

"Kila mtu aje na mtu wa nyumbani," alisema, akanigeukia mimi. "Na huyu mzee sasa tumuone. Nitamwekea kiti mbele kabisa."

"Ako na kazi mingi," nikasema.

"Jumamosi moja tu, mama."

Wiki hiyo nilifanya kazi ovyo. Mashine iliruka nyuzi, nikaharibu sweta za wenyewe. Niliwaza kujifanya mgonjwa. Niliwaza kwenda Gakindu kwa dada yangu nisirudi. Lakini kitambaa kilikuwa tayari kimetundikwa ukumbini, na sikuweza kukiacha huko peke yake.

Nilipoingia nilikiona kiti. Kilikuwa cha mbele, na mwalimu alikuwa amekibandika karatasi iliyoandikwa MZEE kwa rangi nyekundu. Kisha nikaona kitu kibaya zaidi. Karibu na mlango alikaa mwanamke wa kijiji chetu, jirani tuliyepakana naye shamba. Alikuwepo kwenye mazishi. Alicheka siku ile, nilimwona. Nikajua kwamba nisiposema mimi, atasema yeye.

Nikaitwa. Nilisimama kando ya kitambaa, na mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati.

"Hiki kiti ni cha mzee," nikasema. Nilitafuta pa kupitia. Hayupo. Amesafiri. Amepumzika. Yote yalikuwa rahisi mdomoni na hakuna hata moja lililokuwa kweli yenyewe. Afande alinitazama akiinamisha kichwa.

"Mzee arikufa," nikasema.

Lilitoka hivyo hivyo, na herufi yake mbovu katikati. Nikashika ukuta nikisubiri kicheko. Sikusikia chochote ila mvua. Afande alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mwalimu aliitazama ile karatasi yake ya maandishi mekundu kama iliyomuunguza.

"Alikuwa mtu wa aina gani?" afande akauliza taratibu.

"Arikuwa anasarimia ng'ombe kabra ya watu," nikasema. Sikuwa na pumzi ya kuchagua maneno tena. "Mwenye boma amesimama na mtungi, yeye anauriza ng'ombe, 'Umerara aje?' Na anangoja ajibiwe."

Wakacheka. Kicheko cha kwanza kilitoka karibu na mlango, kilikuwa cha jirani yangu, na kwa dakika hiyo nilikuwa tena kwenye hema, maikrofoni mkononi. Kisha nikaona anafuta macho kwa ncha ya leso.

"Hata ng'ombe yetu arikuwa anaiuriza hivyo," alisema. "Mimi ananisarimia ya mwisho kabisa."

Walikuwa wanamcheka mzee wangu, si mimi. Moyo ulikuwa bado unapiga vibaya, na unapiga hivyo hadi leo nikiitwa kusema mbele za watu. Mwalimu alisogea mbele akiwa ameinama, akaanza kukiinua kile kiti.

"Pole, mama. Wacha nitoe hii."

"Wacha ikae," nikamwambia. "Sijamariza."