Baba Alipofunga Safari

Udongo mweupe uliolowa maji una harufu yake, na kwetu, milimani Iringa, harufu hiyo ilimaanisha kuna mtu anarudi. Mwaka mmoja katika miaka ya hamsini mama alikuwa akiupaka ukutani kwa kiganja, taratibu, kwa sababu baba, aliyekuwa machimboni Chunya mwaka wa pili, aliahidi kuja baada ya mavuno. Barua yake ilipofika, niliitwa mimi niisome. Nilikuwa darasa la pili, msomaji pekee nyumbani, na kichwa kilinivimba kweli kweli. Mwenye macho haambiwi tazama, nilijisemea.

Baba aliandika Kiswahili. Mama alijua Kihehe tu, kwa hiyo nilisoma huku nikimtafsiria. Nikafika hapa: "Nimefunga safari." Kufunga nilikujua, tulifunga mlango kila jioni. Safari niliijua pia. Nikamwambia mama kwamba baba ameifunga safari yake, haji tena. Hakuuliza mara mbili. Aliniamini kama alivyomwamini padri. Akanawa mikono, akauacha ukuta nusu mweupe, na kesho yake tukashika njia kwenda kwa wazazi wake Idodi, yeye akilia.

Siku ya nne baba akatufuata huko, vumbi hadi magotini.

"Mama Semeni, mbona umenikimbia? Si niliandika nimefunga safari?"

"Ndiyo, Semeni alinisomea. Uliifunga."

Baba akakaa chini. Akatueleza kwamba wenye Kiswahili chao husema hivyo mtu anapoanza kwenda. Nilitamani ardhi inimeze. Yale niliyoyajua ndiyo yaliyotupoteza, na jambo hilo lilinishangaza kuliko aibu yenyewe. Mama hakunigombeza. Aliitandaza barua, akasema, "Nionyeshe hayo maneno yako wapi." Tangu hapo kila nilipomsomea alikaa ubavuni pangu, akinikatiza: "Hilo unalijua, au unalidhania?" Niliumia, nikidhani haniamini tena.

Kwa kuuliza hivyo alijifunza kusoma, herufi moja moja, na hadi uzeeni aliwauliza hata watoto wadogo bila haya. Mimi nikawa mwalimu wa Kiswahili. Kuuliza si ujinga, niliandika ubaoni kila mwaka. Juzi mjukuu wangu, anayepata majibu yote kwenye simu yake, alinisimulia habari fulani kwa neno la vijana nisilolijua. Akanitazama, akisubiri. Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimeelewa.