Kiti Kilichokataa Kuhama

Mama Chanuo akishakushika kichwa unanyamaza, hata kama ulikuja na maneno ya kujaza gunia. Amewasuka wanawake wa mtaa huu mpaka sasa anawasuka binti zao. Anajua nani ana kisogo kinachouma, nani wa kuulizwa habari za mume na nani asiulizwe kabisa.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja chenye viti vinne na sinki lenye bomba linalolia kama paka aliyefungiwa nje. Mwenye saluni wa kwanza alipostaafu aliwaachia wasusi wake, Mama Chanuo akiwemo, kila mmoja na kiti chake. Waliishi vizuri hadi mmoja wao alipokiuza cha kwake kwa bwana fulani. Bwana akamleta mkewe, mwanamke mrembo, sikatai, ila alishika chanuo kama anaogopa litamng'ata. Mteja wake wa kwanza alitoka na mistari ya nywele iliyopinda kama mtu anayerudi kutoka baa. Kumwondoa ilikuwa vita, na waliopigana vita hiyo hawajasahau.

"Haitatokea tena," Mama Chanuo akaapa. "Kiti cha humu hakiendi kwa mtu tusiyemkubali."

Hapo ndipo alipoingia Injinia, binti yake wa pekee, anayeandika programu za kompyuta kwenye ofisi yenye zulia. Aliwaeleza kwamba kila kiti atakitengenezea tokeni, yaani alama ya umiliki inayokaa kwenye simu ya mwenye kiti. Kumbukumbu zake zitakuwa kwenye blokcheni, yaani daftari lililo ndani ya kompyuta nyingi za watu wengi, kwa hiyo hakuna wa kwenda kuzifuta kimyakimya. Na tokeni hiyo haitahama ovyo. Itakwenda tu kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye orodha ya walioruhusiwa, ambayo ataiandika yeye Injinia.

"Na kama hayumo?" aliuliza Kucha, mwanamke anayepaka wateja rangi ya kucha kwenye kiti cha dirishani.

"Hata mwenye kiti alie machozi ya damu, haitoki."

"Hiyo hiyo! Kama ipo na ya waume, niwekee wa kwangu leo."

Kila mmoja akataja mtu wa kurithi kiti chake. Mama Chanuo hakufikiri mara mbili. Alimtaja Sindano, msichana mwembamba aliyeanza kwa kufagia nywele sakafuni, akajifunza kusuka kwa kutazama, na sasa wateja walimwomba yeye huku wakikwepa macho ya bosi wake. Saluni kubwa ya barabarani ilikuwa imemtaka. Alikataa, kwa sababu Mama Chanuo alimwambia mbele ya wote: "Siku vidole vikinigomea, kiti ni chako." Injinia aliitikia kwa kichwa, akaandika, akafunga kompyuta.

Vidole vikagoma kweli. Vilianza kwa kuvimba asubuhi, mwishowe hata kushika kikombe ikawa kazi. Daktari akasema apumzike, tena si kwa wiki moja. Mama Chanuo akachagua Jumamosi, saluni ikiwa imejaa, ili makabidhiano yawe na mashahidi. Sindano alivaa gauni lake la sherehe chini ya aproni. Kucha alishika simu tayari kupiga picha.

Mama Chanuo akavaa miwani, akabonyeza alipofundishwa kubonyeza. Simu ikafikiri. Kisha maandishi mekundu: *Uhamisho umekataliwa. Mpokeaji hana ruhusa.*

"Mtandao huo," Kucha akasema. "Jaribu tena, dada."

Akajaribu tena. Jibu lilelile. Sindano bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki pale kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Wakampigia Injinia, spika wazi.

"Mwanangu, hiki kitu chako kinamkataa Sindano."

"Mama, nitakuja jioni tuongee."

"Tuongee sasa hivi. Kuna watu wana dawa kichwani hapa."

Ikasikika pumzi ndefu. "Hayumo kwenye orodha. Kwa kiti chako niliweka jina moja tu, Mama. Langu."

Mtu mmoja alizima draya ili asikie vizuri.

"Mimi nilikutajia nani?"

"Yeye. Kila siku unamtaja yeye! Kiti hicho ndicho kilichonilea, nililala chini yake nikiwa mchanga, halafu unakigawa kama sahani ya kuazimana? Ningekuuliza ungekataa."

"Kwa hiyo hukuniuliza."

"Nilikuwa nakulinda."

"Dhidi ya nani?"

Mama Chanuo akakata simu, akamgeukia Sindano. "Mwanangu, wallahi sikujua."

"Aliyeandika ni mwanao wa kumzaa, Mama," Sindano akasema bila kupandisha sauti. "Na hukujua?" Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akawaomba wateja radhi, akatoka. Bora angetukana. Tusi lina jibu lake.

Jioni Injinia alikuja na mfuko wa machungwa, kama anayekuja kumwona mgonjwa. Mama yake hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Ungeniibia pochi ningekusamehe kabla hujafika mlangoni," alimwambia. "Umechukua neno langu. Umenifanya mwongo mbele ya mtoto aliyeniamini."

Injinia alilia. Kisha akafungua kompyuta palepale mezani, akaingiza jina la Sindano. Mama Chanuo akabonyeza, na safari hii tokeni ikaenda bila ubishi.

Sindano alijibu kwa ujumbe: "Nimekiona kiti, Mama, asante. Ila mwenye orodha ni yuleyule. Leo kaniingiza, kesho ndiye atakayeamua na mimi nimpe nani. Nimeshaanza kazi kule barabarani."

Kucha aliposikia alimwandama Injinia mpaka akakabidhi funguo za orodha, yaani nywila za kuibadili, kwa wanasaluni wote. Sindano akaambiwa. Akasema vizuri, hongereni. Hakurudi. Kiti sasa ni chake kihalali, hakuna anayeweza kumnyang'anya, wala hakuna anayekikalia.

Mama Chanuo akajipeleka mwenyewe kwenye ile saluni kubwa. Alikaa foleni kama mteja yeyote, zamu yake ilipofika akamwomba Sindano.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuja unioshe nywele, vidole vyangu haviwezi."

Sindano akamlaza kwenye sinki, akapima maji kwanza kwa kiganja chake mwenyewe. Alimwosha polepole, vizuri, kila sehemu.

"Mwanangu," Mama Chanuo akaanza, "ile siku..."

"Funga macho, Mama. Povu litakuingia."

Akafunga.