Baraza ya Abasi

Tangu lori la magogo limvunje kiuno, Abasi hakwenda tena mjini. Mji ndio uliomjia. Zilikuwa enzi za Mwingereza, mtaani Kijenge, chini ya Mlima Meru. Kila asubuhi mkewe, Mwamvua, alimkokota taratibu hadi kwenye kiti chake, nje, juu ya baraza ya mbao aliyoijenga Abasi mwenyewe alipokuwa fundi seremala mzima. Hapo alishinda akipokea salamu za wapita njia na kuwarudishia utani.

Baraza haikuwa na paa. Masika yaliyopita yaliozesha mbao mbili. Zikioza mbili nyingine, Mwamvua alijua, hapatakuwa na mahali pa kuweka kiti, na mumewe atabaki chumbani akitazama ukuta.

Mbao mpya hawakuzimudu, wala rangi ya dukani. Kwa hiyo mwezi wa pili, jua likiwa bado kali, Mwamvua akaanza kuuliza watu.

"Paka mafuta ya mkia wa kondoo," alisema Namnyaki, aliyewaletea maziwa kutoka magharibi ya Meru. "Ngozi anayolalia mama yangu imenizidi umri, na maji hayaiingii."

Akamletea kibuyu kizima. Mwamvua akapaka mbao tatu, zikang'aa. Alfajiri alisikia mkwaruzo, akafungua mlango. Mbwa sita walikuwa wanazilamba mbao, wametulia kama wageni wa karamu.

"Mama Nusura!" Abasi alimwita mkewe kutoka kitandani. "Waulize kama wamenawa!"

Mwamvua alicheka mpaka akaketi kizingitini. Kisha akachukua maji ya moto na majivu, akasugua mafuta yote yakatoka.

Namnyaki alipoambiwa hakucheka. "Kwetu mbwa wana adabu," alisema. Lakini kesho yake alikuja na furushi la nta, makapi ya masega ya kaka yake mrina asali.

Oili chafu ya kuchanganya na nta hiyo Mwamvua aliipata kwa fundi wa malori, aliyekuwa akiimwaga tu. Aliziacha mbao zikauke juani siku nne, maana ukipaka ubao wenye unyevu, unaufungia maji ndani. Nta aliiyeyusha katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, ndipo akaichanganya na oili, mbali na moto. Akapaka kwa kitambaa ingali vuguvugu, akipangusa iliyozidi.

"Ncha upake mara tatu," Abasi aliagiza kutoka ndani. "Ubao hunywa maji kwa ncha. Na hapo umeruka mmoja!"

"Umeonaje, nawe uko kitandani?"

"Nimesikia kitambaa kimekwenda haraka."

Mwamvua akatazama. Kweli, ameuruka. Akaurudia, kisha akalala chali chini ya baraza kupaka upande wa chini, matone yakimdondokea shingoni.

"Mke wangu ananuka kama gari la moshi," Abasi alisema jioni ile.

"Basi panda."

Mvua ilianza kabla mwezi wa tatu haujaisha, ikanyesha siku tatu mfululizo. Abasi hakutania. Alilala ameelekeza sikio mlangoni, akisikiliza matone yanavyopiga mbao.

Siku ya nne mawingu yaliachana na Meru. Mwamvua alitoka pekupeku. Maji yalisimama juu ya mbao kama shanga. Alikanyaga ubao mmoja mmoja kwa kisigino, akapiga magoti, akachoma kila ncha kwa kisu. Kisu hakikuzama popote.

Aliporudi ndani alimkuta Abasi amekwisha vaa kofia.

"Haya," Mwamvua alimwambia, "nipe mkono."